Sabina Tarpey na Gauni Lililochanika Langoni Kwake

Kwa miaka kumi na moja Sabina Tarpey alishona magauni ya maharusi wa parokia yetu, na katika miaka hiyo yote hakuona hata gauni moja likiingia kanisani. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na ugomvi na padri. Tatizo lilikuwa nywele zake. Zilikuwa nyekundu kama kutu ya bati la zizi, nyingi, zisizosikia kitana, na kwetu Carrowmoyle bibi harusi akikutana na mwanamke wa nywele nyekundu njiani kwenda kanisani, heri ageuze farasi arudi kwao.

Kwa hiyo kila asubuhi ya harusi mtu alitumwa mlangoni kwa Sabina na ujumbe ule ule, umeviringishwa katika maneno ya adabu.

"Sabina, kazi yako nzuri sana, tumeipenda. Tutapita hapa kama saa nne hivi. Sasa, kama huna shughuli ya nje..."

"Sina," Sabina alijibu. "Waambie wapite salama."

Akafunga mlango, akashusha pazia, akaendelea na kazi nyingine.

Mimi naitwa Attracta, binti wa pili wa Cunniffe. Nyumba yetu ilikuwa nusu maili juu ya kwake, barabara ile ile moja ishukayo kanisani, na upande wa pili hakuna njia, ni kinamasi kitupu. Nilikuwa nikienda kwake karibu kila wiki, kwa sababu mama alikuwa na mikono mizuri ya kukamua ng'ombe lakini sindano ilimshinda. Siku moja nilimuuliza Sabina kama ile habari ya kufungiwa ndani haimuumi.

Alikuwa anapiga bandi mkono wa koti. Hakuinua kichwa.

"Mara ya kwanza nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha watu," alisema. "Mara ya pili nikakasirika. Siku hizi nasikiliza magurudumu. Gari likipita taratibu najua bibi harusi anaogopa gauni lisikunjike. Likipita mbio, najua baba yake anaogopa bwana harusi asibadili nia."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu mkubwa, na kweli alikuwa mkubwa, mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, mabega mapana, vidole vyembamba visivyolingana na mabega hayo. Baba yake alikuwa fundi wa kushona wa kutembea nyumba kwa nyumba. Alipokufa alimwachia kibanda cha vyumba viwili, cherehani na mkasi, na Sabina hakuwahi kuonekana kama mtu aliyerithi kidogo. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Hakuna mshenga aliyewahi kubisha mlango wake.

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wote wazuri wa kwetu wanayo. Kila gauni la harusi aliliacha na mshono mmoja kwenye pindo haujafungwa. Huo unafungwa asubuhi yenyewe, bibi harusi akiwa amelivaa, kabla hajavuka kizingiti, ndiyo bahati ya gauni. Kwa kuwa yeye hakuweza kuwepo, alituma sindano yenye uzi tayari, imechomekwa kwenye kipande cha gazeti, na mkono wa mtu mwingine ukaufunga.

"Bahati yangu wanaitaka," aliniambia, "ila iende peke yake, mimi nibaki."

*

Sasa, majira ya baridi ya mwaka wa thelathini na mmoja, mshenga alikuja kwetu kwa ajili ya dada yangu Delia. Mshenga mwenyewe aliitwa Festy Moran, mzee mwenye kofia isiyovuliwa hata mbele ya moto, mtu aliyezijua nyumba zote za maili kumi kuzunguka: nani ana ng'ombe wangapi, nani anakohoa, nani anakunywa kwa siri. Alikaa, akapewa kikombe cha gongo, akazungumzia bei ya nguruwe kwa saa nzima, ndipo akasema:

"Kuna kijana ng'ambo ya kinamasi, Malachy Gaughran. Hana maneno mengi, lakini paa lake halivuji."

Baba alikwenda kutembelea shamba la akina Gaughran, kama ilivyo ada, kukanyaga udongo na kutazama zizi. Alirudi akasema udongo ni mzuri na ng'ombe ni wa kwao kweli, hawakuazimwa kwa jirani, kwa sababu walimjua Malachy na kumfuata. Delia naye alimtazama Malachy mara mbili, mara moja sokoni na mara moja mezani kwetu, na mara ya pili Malachy alimwaga chai na kuifuta kwa mkono wa shati lake jipya. Delia aliniambia chumbani, "Huyu nitaishi naye." Kwa Delia hayo yalikuwa maneno makubwa.

Harusi iliwekwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Hiyo ndiyo siku ya kwetu. Kesho yake ni Majivu, na kuanzia hapo hakuna ndoa mpaka Pasaka. Asiyeoa wala kuolewa kufikia siku hiyo hujikuta Jumapili inayofuata amechorwa mistari ya chaki mgongoni mwa koti lake la kanisani, na watoto wanamfuata mpaka nyumbani. Ndiyo maana siku hiyo padri wetu alikuwa na ndoa nne, mfululizo, na alishatangaza altareni kwamba ya mwisho lazima ianze kabla ya saa sita, na kengele ya saa sita ikilia yeye anakwenda kula. Ya mwisho ilikuwa yetu.

Sabina alishona gauni la Delia kwa sufu laini ya buluu, lenye kola ya lesi aliyoifuma kwa mkono. Lilipokamilika alikuja nalo mwenyewe nyumbani jioni ya Jumapili, akamvalisha Delia, akazunguka mara tatu akivuta hapa na pale. Mama aliangalia akiwa amefumbata mikono.

"Limekaa," mama alisema.

"Limekaa, Mama Delia," Sabina alijibu. "Ule mshono wa bahati uko pindoni, upande wa kulia. Sindano hii hapa."

Mama alipokea kile kipande cha gazeti. Kisha akaanza kusafisha koo.

"Saa tano na nusu," Sabina alisema kabla hajaambiwa. "Nitakuwa ndani."

Nilimwona Delia ameinamisha macho.

*

Jumanne kulikuwa na manyunyu na upepo. Mama alikuwa amefanya kila linalojulikana. Sanamu ya Mtoto Yesu wa Praga ilikuwa imelala chini ya ua wa miti nje tangu usiku ili mvua isije, na mvua ilikuja, lakini mama alisema ingekuwa kubwa zaidi. Nyumba ilikaguliwa hata soksi, isiwemo rangi ya kijani, nayo ni mkosi harusini. Mshono ukafungwa. Delia alitoka kwa mguu wa kulia, na mama akatuonya wote: kuanzia hapa hakuna kurudi nyuma. Ukisahau leso, umesahau. Bibi harusi anayerudi nyumbani kabla ya kiapo ameirudisha ndoa.

Tulipanda gari la farasi, lile la magurudumu mawili lenye viti vya ubavuni, abiria wanakaa migongo ikielekeana na miguu inaning'inia nje. Baba aliendesha. Mimi na Delia tulikaa upande mmoja, mama na shali yake upande wa pili. Festy Moran alitufuata kwa baiskeli, kwa sababu mshenga hapumziki mpaka asikie kiapo kwa masikio yake.

Mbele ya lango la Sabina bata bukini wake wawili waliruka kutoka mtaroni. Farasi alishtuka, akaruka kando, gurudumu likapanda jiwe, na upepo ukapeleka pindo la gauni katikati ya spoki. Nilisikia sauti kabla sijaona. Sufu nzuri ikichanika inalia kama mnyama. Baba alipomtuliza farasi, gauni la Delia lilikuwa limepasuka kutoka pindoni mpaka kiunoni, na shimizi nyeupe iko nje kwa dunia nzima.

Kisha mama alishuka, akazunguka gari, akaangalia, na uso wake ukawa wa rangi ya unga.

"Tufunike na shali," baba alisema.

"Aende altareni amefunikwa shali kama maiti?" mama alisema.

"Basi turudi nyumbani akabadilishe."

"Harudi mtu nyumbani."

Festy alifika, akashuka kwenye baiskeli, akatoa saa mfukoni. "Ni saa sita kasoro dakika thelathini na tano," alisema. "Na kwa gari hili, mpaka kanisani ni dakika kumi na tano. Mimi nasema tu."

"Hukuulizwa, Festy."

"Sikuulizwa, ila padri naye hatauliza. Kengele ikilia, mpaka Pasaka. Na mama yake Malachy hamuijui roho yake kama ninavyoijua mimi. Tangu leo mpaka Pasaka ana wiki saba za kufikiri."

Sote tulikuwa tunajua ni nini kilicho hatua kumi kutoka pale tuliposimama, na sote tulikuwa tunatazama upande mwingine. Pazia lilikuwa limeshushwa. Ndani cherehani ilikuwa inalia, kisha ikanyamaza.

Mama ndiye aliyekwenda. Hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani, akagonga kioo kwa kucha.

"Sabina. Kuna shida kidogo."

Dirisha lilifunguliwa kiasi cha kiganja. "Nimeisikia shida, Mama Delia. Limepasuka kwenye mshono au kwenye kitambaa?"

"Kitambaa. Mpaka kiunoni."

"Hiyo si ya kushonwa amekaa garini. Mleteni ndani."

"Nilikuwa nafikiri," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia, "avue hapa nyuma ya ukuta, nikupitishie gauni hapa dirishani, wewe ushone, unirudishie. Hamtaonana."

"Avue? Kwenye mvua hii?"

"Au utoke wewe, ukifunika kichwa."

"Naweza kufunika. Shali zangu mbili nimefua, haziko kavu. Iliyopo ni moja." Akachomoza pembe yake dirishani. "Ni ya kijani. Chagua mwenyewe, Mama Delia: kijani au nyekundu."

Festy alikohoa kikohozi kilichokuwa kicheko. Mama alishika ukingo wa dirisha. Nilimhurumia, nakiri. Hakuwa mtu mbaya. Alizika watoto watatu kabla ya Delia, na kwa kila mmoja angeweza kukuambia ni dalili gani aliyoipuuza kabla ya kifo chake.

Delia alishuka garini. Alikusanya gauni lililochanika kwa mkono mmoja, akafungua lango kwa mkono mwingine, akapita katikati ya wale bata bukini, akasimama mbele ya mlango.

"Delia," mama aliita. "Delia, mwanangu, fikiri."

"Nimefikiri tangu Jumapili, mama," Delia alisema. "Aliyenishonea gauni nimempita kama mbwa wa njiani. Dada Sabina, nifungulie."

Mlango ukafunguliwa. Sabina alikuwa amesimama wazi, hana shali, hana kitambaa, nywele zote zimesimama kwa mvuke wa pasi. Walitazamana ana kwa ana, bibi harusi na mwanamke mwenye nywele nyekundu, asubuhi ya harusi. Mama alijifanyia ishara ya msalaba. Baba alivua kofia. Sijui kwa nini, labda alifikiri inatakiwa.

"Ingia," Sabina alisema. "Attracta, na wewe, uje unishikie. Wengine subirini, na mtu awafunge hao bata."

*

Nimeona watu wengi wakifanya kazi, lakini sijaona tena kazi kama ile. Alimsimamisha Delia juu ya kiti. Alipiga magoti, akaupima ule mpasuko kwa macho tu, akasema, "Hatuufichi. Tukiuficha utaonekana." Akachukua kipande cha lesi kilichobaki kwenye kola, kirefu kuliko mkono wangu, akakilaza juu ya mpasuko wote kuanzia kiunoni mpaka chini, na akaanza. Kastabini kidoleni, pini mdomoni, mimi nikivuta kitambaa kisikunjike. Delia alikuwa anatetemeka mwanzoni, nikaona mguu wake unatulia polepole kadiri sindano ilivyopanda.

Nje tulimsikia Festy: "Kasoro ishirini na tano." Baadaye: "Kasoro ishirini."

"Huyu ni mshenga au ni kengele?" Sabina alisema kwa pini mdomoni, na Delia akacheka, na hapo nikajua tutafika.

Ilipobaki mshono mmoja pindoni, Sabina alisimamisha kazi. Alikaa kwenye visigino vyake akiutazama ule uwazi mdogo.

"Ule wa asubuhi umechanika; huu ndio wa bahati," alisema. "Sijawahi kufunga hata mmoja."

"Funga," Delia alisema.

Akaufunga. Akaukata uzi kwa meno, akainuka, akarudi nyuma hatua tatu. Lile gauni lilikuwa zuri kuliko Jumapili. Ule mstari wa lesi ubavuni ulionekana kama kitu kilichokusudiwa tangu mwanzo, na nikwambie, miaka miwili baadaye wasichana wa parokia tatu walikuwa wanaomba gauni lenye lesi ubavuni.

Delia alishuka kitini. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Chukua koti lako," alimwambia Sabina.

"Kwenda wapi?"

"Garini kuna nafasi upande wa mama."

Sabina alitazama cherehani, akatazama mikono yake. Kisha akavuta koti kwenye msumari, na ile shali ya kijani akaiacha pale pale, kwa heshima ya mama.

Mama na Sabina walikaa bega kwa bega maili moja na nusu bila kusemezana. Baba alimchapa farasi, Festy akawa anakanyaga baiskeli nyuma yetu ulimi nje. Tulipoingia uwanja wa kanisa watu wa harusi ya tatu walikuwa wanatoka. Nilisikia kelele zao zikikatika kama redio iliyozimwa. Bibi harusi yule wa tatu, msichana niliyesoma naye, alijificha nyuma ya mumewe. Sabina alishuka, akamwinulia Delia pindo lisiguse tope, akamfuata mpaka mlangoni, kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, wima kama mshumaa. Padri alitazama saa yake, akatutazama, akaanza. Kengele ya saa sita ililia wakati Malachy anasema ndiyo, na ilibidi arudie kwa sababu hakusikika.

*

Karamu ilikuwa nyumbani kwa akina Gaughran. Mama yake Malachy alisimama kizingitini na mkate mkavu wa shayiri, akauvunjia juu ya kichwa cha Delia, na makombo yaliporuka tukayagombania, kama desturi. Alikuwa ameshapata habari, kila mtu alikuwa ameshapata. Alimtazama Sabina kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyeshona hiyo lesi?"

"Ndiye mimi."

"Kwa dakika ngapi?"

"Kama kumi na tano."

Yule mama akafikiri. "Keti karibu na moto," alisema. "Nina koti la marehemu mume wangu, nataka ulitazame."

Basi hivyo. Watu wengine walikaa mbali naye, lakini waliokaa karibu walishibishwa bukini wa kuoka na viazi, na kufikia jioni ilikuwa vigumu kujua nani anaogopa na nani amelewa. Giza lilipoanza kuingia ndipo vijana wa majani walipofika. Hao hawaalikwi. Huja na vinyago vya majani makavu yaliyosukwa vikifunika vichwa mpaka mabegani, hakuna anayejua ni nani, hucheza na bibi harusi, hupewa kinywaji, hutakia nyumba heri, huondoka. Kiongozi wao alicheza na Delia, kama ilivyo haki yake. Halafu akavuka chumba, akasimama mbele ya Sabina, akanyoosha mkono.

Sabina hakuinuka mara moja. Alikiangalia kile kinyago kwa jicho la fundi, akakigusa pembeni kwa kidole.

"Fundo hili la ukingoni," alisema, "anayelifunga hivi parokia nzima ni mtu mmoja. Lingine kama hili liko juu ya paa la shule na halijafumuka miaka sita."

"Hutakiwi kunijua," sauti ilisema ndani ya majani. "Ni bahati mbaya."

"Kaka, leo umechagua mtu wa kumtishia na bahati mbaya," Sabina alisema, akainuka wakacheza.

Alikuwa Matthias Waldron, fundi wa kuezeka, mwanaume wa miaka arobaini aliyeishi na mama yake mgonjwa mpaka alipomzika msimu wa kiangazi uliopita. Baadaye alimweleza Sabina, naye akanieleza mimi, kwamba kwa miaka mingi kazi yake ilimweka juu ya mapaa, na kutoka juu aliona kila harusi ikishuka barabara ile, na kila mara aliona pazia la Sabina likishuka kwanza. "Nilikuwa nasema nitashuka siku moja nikagonge," alimwambia. "Lakini kila siku kuna paa."

*

Msije mkadhani watu walibadilika kwa siku moja. Masika ile ng'ombe wetu mmoja alitupa mimba, na mama alitazama barabara upande wa kwa Sabina kwa muda mrefu. Malachy alipoteguka kifundo cha mguu, watu walihesabu miezi tangu harusi. Nilimwona Sabina akipata wasiwasi, yeye ambaye sikuwahi kumwona nao. Delia alipokuwa na mimba ya kwanza, Sabina hakulala vizuri miezi tisa. Aliniambia mwenyewe kwamba kila alipopiga goti usiku alianza na jina la Delia. Mtoto alizaliwa Januari, msichana, mzito, mwenye sauti ya kusikika mpaka kinamasini. Siku ya pili yake mama yangu alijaza kikapu mayai, akayapanga kwa nyasi yasivunjike, akashuka nacho mpaka kwa Sabina. Alikaa kule saa mbili. Sijui walizungumza nini, na mama hakusema.

Sabina naye alikuwa ameshatoa sharti lake. Alilitoa ile ile wiki ya harusi ya Delia na hakulilegeza: anayetaka gauni kutoka kwake, atavalishwa na yeye mwenyewe asubuhi ya harusi, nyumbani kwao, na mshono wa bahati atafunga yeye. Asiyetaka, mjini kuna mafundi. Mwaka wa kwanza alipoteza wateja zaidi ya nusu. Nilimwambia alegeze kidogo.

"Nimelegea miaka kumi na moja," alisema. "Inatosha."

Mwaka wa pili wakarudi wawili, wa tatu wakarudi wengi, kwa sababu yule fundi wa mjini alikuwa anakata mabega vibaya. Mimi niliolewa mwaka huo na nilivalishwa na Sabina, na mama ndiye aliyemshikia pini.

Kuhusu Matthias, Festy Moran alikuja rasmi kumposea, kofia kichwani kama kawaida, na akakuta Sabina hana baba wala kaka wa kuzungumza naye. Ilibidi azungumze na mwenyewe.

"Kwa kawaida mimi huanza na bei ya nguruwe," Festy alisema.

"Anza na paa," Sabina alisema. "La kwangu linavuja upande wa kaskazini. Akija kulitengeneza nitamtazama akifanya kazi. Siku tatu. Kisha nitakupa jibu."

Matthias alifanya kazi siku tatu. Siku ya nne jibu lilikuwa ndiyo. Walioana baada ya Pasaka, Jumatano, na asubuhi ile mama yangu, ambaye hakuacha kabisa mambo yake mpaka kufa, alimwuliza kwa dhati kabisa kama ameangalia asikutane na mwenye nywele nyekundu njiani.

"Nimekutana naye saa kumi na mbili, kwenye kioo," Sabina alisema. "Tukasalimiana."

Walipata wana wawili, wote vichwa vyekundu, na binti mmoja mweusi wa nywele ambaye watu walimtania kuwa ni wa kuazimwa. Walikuwa na miaka yao migumu: Matthias alianguka kwenye paa akalala miezi mitano, na mtoto wa pili alikwenda Uingereza, barua zikaanza kuja mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyekuja kumwambia Sabina kuwa ni kwa sababu ya nywele, au kama alikuja, alitoka haraka.

Msichana wa kwanza wa Delia aliolewa miaka ishirini na mitatu baada ya ile Jumanne. Gauni lilitumwa na shangazi yake aliye Amerika, jeupe, la kununua, na Delia aliona aibu kumwambia Sabina. Sabina alisema halina shida, akaomba tu nafasi ya kukaa. Alipewa benchi la mbele, kati yangu na Delia, mama mzaa chema. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa za majivu pembeni, lakini juu bado moto. Bibi harusi alipopita mbele yetu Sabina aliinamia sikio langu.

"Bega la kushoto limevutika," alininong'oneza. "Wangeniletea jana ningelinyoosha."